Shaba inapanda, daftari la madeni nalo linapanda: barua ya wazi kutoka Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Banque Centrale du Congo, kwa Mama Waziri Mkuu, kwa Waziri wa Fedha, na kwa wakubwa wa jimbo letu la Haut-Katanga.

Wakubwa wetu,

Nawaamkia kutoka Lubumbashi, komini ya Katuba. Mimi ni mhasibu. Siku za kazi nashika vitabu vya depo moja ya unga na mafuta, na Jumapili baada ya misa nashika daftari la likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, ya akina mama wa mtaa wetu. Kazi hizo mbili zimenionyesha jambo ambalo silisikii katika hotuba zenu za uchumi: nyumba za nchi hii zinaishi kwa deni, deni hilo linakula ukuaji mnaoutangaza, na hakuna ofisi hata moja inayolihesabu.

Ukuaji wenyewe mnauhesabu vizuri. Mwaka 2022 uchumi wetu ulikua karibu asilimia 9, mwaka 2023 zaidi ya asilimia 8, mwaka 2024 zaidi ya asilimia 6. Mwaka huo wa 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile. Sibishani na namba hizo. Malori tunayaona kwa macho yetu, usiku na mchana, yamejaa vibamba vya shaba yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Lakini Benki ya Dunia ilituambia pia kwamba mwaka 2024 zaidi ya Wakongomani saba katika kumi walikuwa wanaishi chini ya dola 2.15 kwa siku, na sijasikia mkubwa yeyote akisoma namba hizo mbili katika hotuba moja.

Halafu kuna namba ya tatu, ambayo nadhani ndiyo inayowapotosha. Mikopo yote ambayo mabenki yamewapa watu binafsi na kampuni hapa kwetu haifiki sehemu moja ya kumi ya pato la taifa. Mtaalamu akiisoma akiwa Kinshasa, au Washington, ataandika kwamba Wakongomani hawana madeni. Aje Katuba. Apite pia Kampemba, Rwashi, na komini ya Kenya (hii ya hapa kwetu, si ile nchi). Aulize nyumba kumi tu. Deni la unga liko dukani. Deni la kodi ya nyumba liko kwa mwenye nyumba. Minervali (karo) iko shuleni, mtoto amerudishwa. Bili iko hospitali, na mara nyingine mgonjwa mwenyewe bado yuko huko, amepona lakini hawamwachi atoke. Juu ya hayo yote kuna Banki Lambert.

Kwa wale wanaoishi mbali na mitaa yetu: Banki Lambert si benki. Ni mtu. Ni jirani, ni mfanyakazi mwenzako, mara nyingine ni mkubwa wako wa kazi. Unakopa dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150. Mkiwa ndugu, au akiwa na huruma, 130. Dhamana ni kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anayekwenda kwenye mashine. Anatoa chake kwanza, kilichobaki anakuletea mkononi, na wewe unasema asante. Ukishindwa kulipa lote unalipa riba peke yake, dola 50, na zile 100 zinabaki zimekaa palepale. Fanya hivyo miezi sita. Umeshalipa dola 300, na bado unadaiwa 100.

Bwana Gavana, mwezi wa Oktoba 2025 Banque Centrale ilishusha riba yake kutoka asilimia 25 hadi asilimia 17.5. Tulisikia redioni, tukafurahi. Lakini ile 17.5 yenu ni ya mwaka mzima, na ile 50 ya Lambert ni ya mwezi mmoja. Mkishusha, mkipandisha, yeye hana habari. Sera yenu ya fedha haijajua njia ya kufika Katuba, kwa sababu deni la Katuba halipitii kwenye dirisha la benki hata moja.

Mtasema: basi hayo ni mambo ya watu na watu wao, uchumi wa taifa unahusika vipi? Unahusika hivi. Ile dola 50 ya riba ingebaki kwa mama aliyekopa ingekuwa mfuko wa unga, chupa ya mafuta, sabuni, viatu vya mtoto. Ingepita kwangu depo, ikapita kwa fundi viatu, kwa mama muuza sombe, na kila mmoja angeitumia tena. Ikienda kwa mkopeshaji inasimama. Yeye hali mifuko kumi ya unga kwa mwezi. Anaikunja, anaificha kwa dola, au anaikopesha tena kwa mwingine kwa asilimia ileile, au ananunua kiwanja kule Annexe na kukiacha majani yaote akisubiri bei ipande. Falanga (faranga, hela yetu) imetoka kwa anayetumia haraka, imeingia kwa asiyetumia. Zidisha hiyo kwa mji mzima na utaelewa kwa nini soko limelala wakati takwimu zinakimbia.

Naliona hilo katika vitabu vyangu. Wiki ya mishahara zamani ilikuwa wiki ya kuuza. Siku hizi ni wiki ya kulipa: mteja anaingia, analipa ya mwezi uliopita, anaandikiwa ya mwezi huu, anatoka. Hajanunua zaidi, amezungusha tu. Na mwenye depo akiona taslimu ya siku mbili anasema biashara imefufuka, mimi namwonyesha kwamba tumepokea falanga za unga ulioliwa zamani.

Kuna watu wamelisoma jambo hili kwa upana kuliko mimi. Wachumi watatu, Atif Mian, Amir Sufi na Emil Verner, walichunguza nchi 30 kuanzia 1960 hadi 2012, na mwaka 2017 wakatoa walichokiona: madeni ya nyumba, yaani ya familia, yakipanda haraka kuliko pato la taifa, miaka ya kwanza watu wananunua sana na uchumi unachangamka; kisha ukuaji unashuka na ukosefu wa kazi unapanda, tena kuliko watabiri walivyotazamia. Marekani ndiyo mfano unaojulikana. Kabla ya msukosuko wa 2008 madeni ya nyumba zao yalikuwa karibu sawa na pato la taifa la mwaka mzima. Nyumba zilipoanza kubana matumizi ili zilipe, maduka yakakosa wateja, viwanda vikafukuza watu, na waliofukuzwa wakashindwa kulipa madeni yao wenyewe.

Najua jibu lenu. Hizo ni nchi za mikopo ya nyumba na magari, sisi tuko mbali nazo. Kweli. Shirika la Fedha la Kimataifa nalo lilieleza mwaka huohuo wa 2017 kwamba pale ambapo madeni ya nyumba bado ni madogo na usimamizi ni mzuri, madhara yanapungua, na mkopo unaweza kusaidia uchumi kupanuka. Nakubali. Fundi aliyekopa mashine ya kuchomea vyuma na akapata muda wa kulipa ni faida kwa nchi. Sisemi watu wasikope.

Ninachosema ni kwamba sisi tumepata nusu mbaya ya hadithi hiyo. Wenzetu walikopa, wakajenga, wakachangamka, kisha wakaumia. Sisi tunaumia bila kujenga. Deni la hapa halikununua nyumba wala mashine. Lilinunua bukari (ugali) ya wiki iliyopita, dawa ya malaria, na garanti ya chumba, ile dhamana anayoitaka mwenye nyumba. Ni kula mbegu za msimu ujao. Mwezi unaofuata mshahara ni uleule, umepunguzwa riba, na njaa haikupunguzwa kitu. Kwa hiyo msinipe hesabu ya mikopo ya benki na kuniambia bado tuko chini. Deni dogo la riba ya asilimia 50 kwa mwezi linaua kuliko deni kubwa la asilimia 10 kwa mwaka.

Kuna jambo la dola ambalo linawahusu ninyi zaidi kuliko sisi. Amana za mabenki yetu, karibu asilimia 90, ni za dola, na mikopo nayo ni ya dola. Siwalaumu watu kwa kuikimbia falanga ya nchi. Mji huu unakumbuka mwaka 1979, noti zilipofutwa ghafla na watu wakabaki na makaratasi. Unakumbuka mwaka 1994, mfumuko wa bei ulipopita asilimia 9,000. Aliyepitia hayo akiwa kijana leo ni babu, na amewafundisha wajukuu. Lakini mwalimu, polisi na muuguzi wa serikali wanalipwa kwa falanga, halafu wanakopa kwa dola. Mwanzo wa 2016 dola ilikuwa karibu na falanga 930. Mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600. Aliyekopa dola 300 alikuwa na deni la falanga 279,000. Bila kuongeza hata kilo moja ya unga, deni lilelile likawa falanga 480,000. Hatuzungumzii riba hapo. Mwisho wa 2023 dola ilishapita 2,500. Kisha mwaka 2025, karibu na mwisho, falanga ikapata nguvu na dola ikashuka. Mkashangiliwa, na mlistahili, kwa maana wenye mishahara ya falanga na madeni ya dola walipumua kidogo. Ila yule kijana wa mgodini anayelipwa dola, mwenye deni la falanga dukani na bei za soko ambazo hazikushuka kama dola ilivyoshuka, yeye alikatwa. Hatari ya bei ya dola mmeiacha mabegani mwa wale wasioweza kuibeba: benki haiibebi, serikali haiibebi, anaibeba mwalimu.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo wengi mtaani wanalisema kwa sauti ya chini. Mdaiwa wa kwanza wa mji huu si mama wa Katuba. Ni serikali.

Mkandarasi aliyejenga darasa au kuchimba mtaro, akapewa karatasi na muhuri, akasubiri. Mwalimu mpya anayefundisha akiwa bado hajaingizwa kwenye orodha ya malipo. Wafanyakazi wa reli, SNCC, waliopitia miaka na miaka ya mishahara isiyolipwa, hata watoto wao waliolelewa kwa deni leo ni wazazi wenye madeni. Mnapoandika bajeti haya mnayaita deni la ndani, na yanakaa kwenye mstari mmoja wa jedwali. Huku chini hayakai. Serikali isipomlipa mwalimu kwa wakati, mwalimu hamlipi mwenye nyumba. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha uani, hamlipi wa duka. Wa duka hatulipi sisi wa depo. Sisi hatumlipi msafirishaji aliyeleta unga kutoka Kasumbalesa. Msafirishaji anadaiwa dola na mtu wa ng'ambo ya mpaka, Mzambia asiyejua habari za mishahara ya Kongo na asiyetaka kuzijua; basi anakwenda kukopa Lambert. Kuchelewa kwenu kwa mwezi mmoja, ambako ninyi hamlipii riba hata senti, kunafika kwetu kukiwa na riba ya asilimia 50.

Na unga huohuo tuuangalie. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia mpaka ikatangaza janga la taifa mwezi wa Februari, na kwao mahindi yalikuwa haba. Sisi wa Lubumbashi, wenye kula kutoka huko, tulibanwa. Nyumba isiyo na deni ingebana mkanda, ingekula muhogo kidogo, ikavuka. Nyumba yenye deni haina mahali pa kubana, ilishabana. Ndiyo maana bei ya mfuko mmoja wa unga ikipanda hapa, kesho yake wauza nguo na wauza simu wanalia, na wiki ya pili mwalimu wa shule ya binafsi anaambiwa asubiri kwa sababu wazazi hawajalipa.

Wazee wetu walizoea kusema kwamba Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, ni baba, ni mama. Ilitoa posho, nyumba, shule na hospitali. Simtamani yule baba arudi. Alikuwa mkoloni na alikuwa na fimbo. Lakini kuna hesabu moja ambayo watu wa uchumi wanaisahau. Posho ilikuwa inazuia deni. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, nayo iliendelea hivyo, na mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imeanguka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi walitolewa katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, na hiari yenyewe kila mtu anajua ilikuwa ya namna gani. Posho ilipokwisha, unga, dawa na minervali vilihamia kwenye daftari la duka, na havijatoka humo mpaka leo. Sasa nchi inatoa shaba zaidi ya mara sita ya ile ya 1986, na kijana wa mgodini ana mkataba wa miezi michache michache kwa jina la kampuni ya sous-traitance, yaani ya kati inayopewa kazi na mgodi. Benki haimpi mkopo kwa mkataba wa namna hiyo. Lambert anampa siku hiyohiyo.

Hata maamuzi yenu mazuri yanapita juu ya daftari hilo bila kuliona. Februari 2025 mlisimamisha usafirishaji wa kobalti, na tangu Oktoba mkaweka viwango maalum. Nia ilikuwa kupandisha bei, na bei ilipanda. Sipingi uamuzi. Nauliza tu ni nani aliyehesabu wachimbaji wa mikono, wapakiaji na wauza chakula waliokaa miezi bila kazi, na deni waliloingia wakati nchi inangojea bei nzuri.

Mnaweza kufanya nini? Kwanza msifanye kama Kenya ya 2016, nchi sasa, si komini. Bunge lao liliweka kikomo cha riba ya benki, pointi nne juu ya riba ya benki kuu. Ilionekana ni huruma. Mabenki yakaacha kuwakopesha wadogo, yakanunua hati za serikali, na wadogo wakakimbilia mikopo ya simu yenye riba kali zaidi. Novemba 2019 sheria ile ikaondolewa, na ilipofika 2022 ndipo wakopeshaji wa simu wakaanza kuwekewa kanuni na leseni. Kwetu mikopo ya simu ndiyo kwanza inakua. Mna nafasi ya kutangulia badala ya kufuata nyuma na fagio.

Kuna kanuni nyingine, inayotumika Afrika Kusini na pia kwa mabenki ya Kenya, ambayo ningeipenda hapa kuliko kikomo chochote: riba isiyolipwa ikifika kiasi cha deni lenyewe, inasimama. Ukidaiwa 100, riba haiwezi kupita 100, hata ukikaa miaka. Kanuni hiyo haimnyimi mtu mkopo, inamnyima mkopeshaji sababu ya kutamani ushindwe. Afrika Kusini tangu sheria yao ya mikopo ya 2005 inamtaka pia mkopeshaji apime kama mkopaji anaweza kulipa, na aliyezidiwa na madeni anaweza kwenda kwa mshauri anayetambuliwa, malipo yake yakapangwa upya. Haikuwakinga na kila kitu. Baada ya mauaji ya Marikana, Agosti 2012, wachimbaji 34 walipopigwa risasi na polisi, watu waliochunguza maisha ya wachimbaji wale walikuta mishahara yao imekatwa na wakopeshaji kabla haijafika nyumbani. Mwaka 2016 mahakama yao ya katiba ikaamua kwamba mshahara hauwezi kukatwa hivyo bila jaji kuangalia. Nawaomba wakubwa wa jimbo la migodi msiisome habari hiyo kama ya mbali.

Hapa kwetu sheria hazikosekani. Code du travail (sheria ya kazi) ya 2002 inaweka kikomo cha sehemu ya mshahara inayoweza kukatwa kwa deni. Lakini sheria hiyo inamlinda mtu mbele ya mwajiri na mahakama, haimlindi mbele ya jirani aliyeshika kadi yake. Kushika kadi ya benki ya mtu mwingine kama rehani kuwe kosa, kwa maneno machache yanayoeleweka, na mabenki yalazimishwe kumpa mteja kadi mpya siku anayoiomba, bila kumtoza na bila kumhoji kama mwizi. Hilo halihitaji bajeti. Vilevile sheria ya mwisho wa 2015 ilisema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu ya kodi. Pitieni nyumba za kupangisha muone ni nani anayeifuata. Nusu ya waliokuja kuomba zamu ya mbele katika likelemba yetu walikuwa wanatafuta garanti.

Mkopo wa mshahara wa mtu anayelipwa kwa falanga uandikwe kwa falanga, au benki ibebe sehemu ya hasara dola ikipanda. Mabenki yatasema haiwezekani. Yaulizwe basi kwa nini inawezekana kwa mwalimu. Na gharama yote ya mkopo, riba, ada ya faili, bima na kadhalika, iandikwe kwenye ukurasa mmoja, kwa Kifaransa na Kiswahili, kabla mtu hajatia sahihi. Nimewasomea watu wazima mikataba yao wakati deni lilishafika nusu.

Kuhusu likelemba nina ombi dogo na ni la moyoni: msitusaidie sana. Watu kumi, kila mmoja dola 10 kwa wiki, kila wiki mmoja anaondoka na dola 100. Ni dola 100 zilezile ambazo kwa Lambert zinakula 300, na kwetu hazina riba. Humo zimetoka mashine za kushona, magunia ya makala (mkaa), friji ya kuuzia maji. Ubaya wake ni kwamba ugonjwa hausubiri zamu, na mtu akikimbia na zamu yake tunaachana vibaya. Kilichotufaa ni akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu na ada ndogo, basi. Kila mara serikali inapogundua mahali ambapo falanga inazunguka vizuri inatuma mtu wa taksi, mtoza ushuru, na akina mama wa mtaa wetu wameshaniambia kwamba akija huyo, daftari litaliwa na panya.

Yote hayo yatakuwa kazi bure kama hamtaanza na tarehe. Tangazeni siku ya mwezi ambayo mshahara wa serikali unaingia, na ikipita, mwenye kucheleweshwa alipwe riba ileile ambayo mabenki yanamtoza yeye. Lipeni deni la ndani kuanzia chini: mkandarasi wa mtaro wa Katuba kabla ya kampuni kubwa ya Kinshasa, kwa sababu dola moja ikiingia chini ya mnyororo inalipa madeni matano kabla ya kulala. Zaidi ya hapo sina njia ya haraka ya kuongeza ukuaji, na sidhani ninyi mnayo.

Mwisho ni kuhesabu. Nchi hii ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984, kwa hiyo sitarajii muujiza. Lakini Institut National de la Statistique hufanya uchunguzi wa nyumba mara moja moja, na katika ule ujao maswali matatu yaongezwe: nani anakudai, kwa falanga au kwa dola, na mwezi uliopita ulilipa riba kiasi gani. Majibu yatangazwe siku ileile mnapotangaza tani za shaba. Sisi tunaoshika madaftari mitaani tuko tayari kuwapokea wachunguzi na kuwasomea, bila majina ya watu. Waje wakati wowote, isipokuwa wiki ya mishahara. Wiki hiyo hatuna hata pa kukaa.

Kwa heshima,

Mhasibu, komini ya Katuba, Lubumbashi